Makaratasi ya Langoni

Tuliondoka Tunduma tukiwa tumelala juu ya magunia ya mbolea. Dereva alitutupia turubai moja tujifunike, watu wawili tusiojuana, akatuonya tusikohoe mpakani. Ukilalia mbolea, kukohoa hakuna hiari. Mwenzangu alijisokomeza shati mdomoni, mimi niliuma mkono wangu mwenyewe. Tukavuka.

Alikuwa mtu wa Singida, mwembamba, mwenye maneno mengi. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Tanga, nilikuwa nimempa cha kuchezea safari nzima.

"Tanga? Basi usinitazame sana machoni, bwana. Nina mama, bado ananihitaji."

Tairi likipasuka alisema Mtanga kafanya vitu vyake. Polisi wakitupita bila kutuona alisema Mtanga kawafunga macho. Nilicheka kwa sababu safari ilikuwa ndefu, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kukumbuka nyumbani kabla sijaimaliza Zambia. Nikamsimulia. Nikamweleza barabara za Ngamiani ambazo hazina majina ila namba, harufu ya mkonge uliochakatwa ikichanganyika na hewa ya chumvi, mapango ya Amboni ambako watu huacha ubani na vitambaa gizani na kuondoka. Alikuwa msikilizaji mzuri. Aliuliza maswali. Alitaka kujua vitambaa vya rangi gani.

Chirundu lori lilikwama likisubiri karatasi za mzigo, na homa ikanikamata hapo hapo. Nililala chini ya trela, kati ya magurudumu, na mtu wa Singida ndiye aliyekuwa akilowanisha shati lake na kuniwekea kichwani. Katika homa hiyo nilimwambia jambo nisilozoea kumwambia mtu. Kwamba tulizaliwa wawili, mimi nikitangulia. Kwamba mwenzangu alikufa kwa surua kabla hatujaanza shule, na tangu hapo sijawahi kufika mahali nikahisi nimefika. Mama alikuwa akisema natembea kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni.

"Pole sana, ndugu yangu," aliniambia, na kwa mara ya kwanza hakuweka mzaha.

Tulivuka Zimbabwe kwa mabasi ya kuungaunga, tukavuka Limpopo kwa miguu maji yakitufika kifuani, tukaingia Johannesburg asubuhi ya baridi tukinuka mto. Stesheni, jamaa zake wakaja kumchukua wakaenda naye upande wa kaskazini. Tuliahidiana kutafutana. Hakuna aliyemtafuta mwenzake. Mji ule ukikupokea unakubana hapo hapo, na mtu mliyelala naye chini ya trela moja anakuwa habari ya zamani kabla viatu havijakauka.

Nilipata kazi Doornfontein, kwenye karakana ya kuchomelea mageti na nondo za madirisha. Nilipata chumba Rosettenville, chumba cha uani nyuma ya nyumba ya ajuza wa Kireno. Baadaye nikapata mke, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke wa kanisani mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao na changu cha kwetu, na mwaka wa kwanza tulicheka sana. Aliniita papa. Nilimwita mama ingawa hatukuwa na mtoto.

Alitaka kitu kimoja kwangu, na hakukificha: nitulie. Kila mwisho wa mwaka nilikuwa natoa begi chini ya kitanda, naliweka juani, nalipangusa, nalirudisha. Nilikuwa na viatu vya ngozi, vile vile nilivyovukia mto, nilivyovitia rangi na kuvihifadhi kwa siku ya kuondoka. Siku hiyo sikuipanga, lakini viatu vilikuwa tayari. Aliviona kila alipofagia.

Chumba chetu ndicho kilichokuwa karibu na lango, kwa hiyo mwenye nyumba alinipa kazi ya sanduku la barua.

"Hapa mwizi hagongi hodi," aliniambia akinishika mkono kwa vidole vyake vikavu. "Anaangalia sanduku. Likijaa, anajua ndani hamna mtu. Usiache lijae, rafiki. Mimi mzee, nalala peke yangu."

Nilidhani ni kazi ndogo. Sikujua mji mzima ungeshirikiana kulijaza. Asubuhi ninapotoka kulikuwa na makaratasi, jioni ninaporudi kulikuwa na mengine. Makochi kwa nusu bei. Piza mbili kwa bei ya moja. Watu wa kukata miti, wakati uani kwetu hapakuwa na mti. Watu wa kusafisha bwawa la kuogelea, wakati maji ya bomba lenyewe yalikuwa yakikatika. Bima ya mazishi yenye picha ya bibi anayecheka kana kwamba kufa ni kwenda harusini. Dalali wa nyumba, mwenye meno mengi, akiniandikia kila wiki: Mwenye Nyumba Mpendwa, je, uko tayari kuuza? Mimi, mpangaji wa uani! Na waganga. Waganga walikuwa wengi kuliko mafundi bomba: kurudisha mume, kufukuza deni, kushinda kesi, kuongeza kile wanaume wanachotaka kiongezwe.

Miaka yote ile sikupata barua hata moja yenye jina langu. Mtu anatoka mbali namna ile, anakaa mahali, na hakuna anayemwandikia isipokuwa watu wasiojua kama yupo.

Nilipigana. Niliandika kibao kwa Kiingereza na Kizulu: hatutaki matangazo. Wakachomeka makaratasi nyuma ya kibao. Nilichomelea kipande cha bati kwenye mdomo wa sanduku hadi ukawa mwembamba kiasi cha kupitisha barua moja tu. Wakaanza kuyatunga kwenye ncha za vyuma vya uzio, moja kwa kila ncha, na upepo wa Agosti ukayamwaga uani. Siku moja nilimkamata mgawaji mmoja, mtu mzima mwenye mfuko begani, nikamwonyesha kibao.

"Eish, kaka," alisema. "Mimi silipwi kwa kusoma. Nalipwa mfuko uishe."

Akaniachia tatu.

Mke wangu hakuelewa ugomvi wangu. Aliyapenda yale ya makochi na vitanda. Ijumaa jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama saluni, alikuwa akiketi kitandani na kuyafunua moja moja kama anayetazama picha za harusi, na aliyoyapenda sana aliyakata kwa mkasi wa kusukia na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati.

"Papa, angalia kitanda hii. Tutaiweka fasi hii, kabati tunasukuma kule."

"Kitanda hicho hakiingii kwenye basi."

"Nani aliongea ya basi? Miye niko naongea ya kitanda."

Niliyabeba yaliyobaki hadi pipa la taka. Niliamini nayatupa yote.

Kisha viatu vikaanza kupotea. Kwanza kandambili ya kushoto. Nikamlaumu mbwa wa mwenye nyumba, kijibwa kizee chenye jicho moja. Kisha raba ya kushoto. Mke wangu naye akamlaumu mbwa, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Mbwa akafungwa mnyororo. Halafu nikatoa begi chini ya kitanda ili nilianike juani, nikakuta kiatu kimoja cha ngozi. Cha kulia. Nikaenda moja kwa moja kwenye banda la mbwa nikapiga magoti na kutoa kila kitu kilichomo: mifupa, tambara, mpira uliopasuka. Ajuza akatoka na gauni la kulalia mchana kweupe.

"Muache mbwa wangu! Meno yake matatu, atakula kiatu cha ngozi? Muulize mke wako. Nilimwona Jumamosi anatoka langoni na kiatu ndani ya mfuko. Kiatu kimoja. Nikasema, labda anapeleka kwa fundi."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Nilisimama mlangoni na kiatu cha kulia mkononi, na hakuniuliza nataka nini. Aliweka sinia chini, akatoa katika pochi yake karatasi iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama stempu, akanipa.

Ilikuwa moja ya zile zile. Karatasi nyembamba ya manjano, wino unaotoka na vidole. PROFESA WA MAPANGO YA AMBONI, TANGA. Hurudisha mume aliyeondoka, humfunga miguu mume anayetaka kuondoka. Anatumia vitambaa vyekundu na ubani wa pangoni. Chini yake anwani ya Randburg, upande wa kaskazini wa mji.

Nilicheka. Kusema kweli, nilicheka kwa moyo. "Mama, nimezaliwa kule. Amboni ina popo. Profesa hajawahi kuwepo. Unatoka kanisani unakwenda kwa matapeli wa sanduku la barua?"

Hakucheka. "Alisema weye uko pacha."

Kicheko kikaniishia.

"Alisema muko mapasa. Mwenzako alikufa mutoto, njo anakuvuta miguu, hauwezi kukaa fasi moja. Akaniomba kiatu ya kushoto, sababu alizaliwa nyuma yako, upande wa kushoto. Sasa weye sema ni uongo. Sema, papa."

Kwao Katanga, mapasa si jambo la kupitia juu juu. Wana nyimbo zao na taratibu zao, kuzaliwa na kufa, na mmoja akiondoka bila kufanyiwa yanayostahili, anayebaki hatulii. Alikuwa amenieleza hayo zamani, siku mteja wake mmoja alipojifungua pacha, na mimi nilisikiliza nikala ugali wangu nikanyamaza. Sasa alikuwa akinitazama, na nilichoshindwa kukisema ni neno moja dogo tu, uongo. Halikutoka. Kusini mwa Limpopo kulikuwa na mtu mmoja tu niliyewahi kumwambia kwamba mwenzangu alinifuata kuja duniani.

Jumamosi nilikwenda Randburg. Ilikuwa ghorofani, juu ya maduka, ukumbi mwembamba wenye benchi. Wanawake walikaa wamenyamaza, kila mmoja na mfuko wa plastiki mapajani, na katika mfuko wa yule wa mbele ncha ya kiatu cha mwanamume ilikuwa imejitokeza. Sikupanga foleni. Nilisukuma mlango.

Alikuwa amenenepa. Kanzu, kilemba chekundu, ubani wa dukani ukifuka kwenye kopo la maziwa. Aliponiona, alijiweka sawa kilemba.

"Mtanga!" akasema. "Umechelewa. Nilikutegemea tangu kandambili."

"Wewe ni mtu wa Singida."

"Taratibu, ndugu yangu, ukuta mwembamba. Singida nani anaijua huku? Ukisema Singida, hata Mtanzania anakumbuka kuku na mafuta ya alizeti. Ukisema Tanga, mtu anavua kofia."

"Hujawahi kukanyaga Tanga."

"Ulinikanyagisha wewe, kutoka Tunduma mpaka Chirundu. Vitambaa, popo, barabara za namba. Wapo wanaolia nikisimulia." Alisema bila aibu yoyote, kama fundi anayeeleza alikonunua mbao.

Nikamuuliza kama alijua ni mke wangu.

"Siku ya kwanza, alipokaa, sikujua. Akasema mume wangu wa Tanga, anachomelea mageti, kila mwaka anaanika begi. Nikajua. Sasa ulitaka nifanyeje? Nimwambie mama, rudi nyumbani, mumeo namfahamu, tulilalia mbolea pamoja? Angeniona tapeli."

"Wewe ni tapeli."

"Kwa wengine, ndiyo." Akanyoosha mkono kuelekea benchi nje ya mlango. "Wale nawaokotea maneno hewani. Mkeo nilimwambia kweli tupu. Sikumbuki mteja mwingine niliyemwambia kweli. Na nilikuwa nakusaidia, bwana. Mwanamke anayebeba kiatu chako mpaka Randburg, unataka akupende vipi tena?"

Nyuma yake kulikuwa na rafu, na juu ya rafu viatu vya kushoto. Vya kazi, vya sherehe, vya mpira, kimoja cha askari. Nilivitambua vyangu vitatu. Cha ngozi alikuwa amekipaka mafuta ya kafuri hadi kimekuwa cheusi kuliko nilivyokiacha. Nilivichukua, na hakunizuia.

"Nilikuwekea shati la maji kichwani, Chirundu. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana sikupigi."

"Sharp," akasema, neno la mji ule la kukubali. Halafu, nikiwa tayari mlangoni, akanirushia furushi la makaratasi ya manjano. "Chukua, wagawie wenzako wa karakana. Mtanga halisi akigawa, yatafanya kazi zaidi."

Yalimwagika ukumbini. Yule mwanamke wa mbele aliinama akaokota moja, akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko pamoja na kiatu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na ushindi wangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilivipanga viatu sakafuni, jozi kwa jozi, nikamweleza mke wangu yote: lori, mbolea, Singida, homa. Niliamini nikimaliza atacheka, au atalia, kisha tutakula. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ni kweli," akasema. "Weye uko pacha."

"Umesikia niliyosema? Yule mtu hajui chochote. Aliyajua kwa sababu nilimwambia."

"Nimesikia. Ulimuambia." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Mutu wa lori. Siku ngapi mulikuwa pamoja? Miye bibi yako," akimaanisha mke, kama wasemavyo kwao, "miaka hii yote ninalala kando yako, ninakusikia usiku unaongea na mutu, ninauliza, unasema ni ndoto. Haukuniambiaka. Nilienda kununua bwana yangu kwa muganga wa bikaratasi, kipande kipande."

Nilitaka kumwambia kwamba sikumwambia yule bwana kwa kumwamini, ni homa. Lakini hilo nalo lilikuwa na ubaya wake. Lingemaanisha kwamba hata yeye, mke wangu, angenipata tu kama ningeumwa vya kutosha.

"Na asema nini sasa, ule mwenzako?" aliuliza. "Anataka tukae, ao anataka tuende?"

Angetosheka na lolote, nadhani, hata la kubuni, ili mradi litoke kwangu. Nilichukua viatu nikavirudisha chini ya kitanda.

Hatukugombana. Ningependa kusema tuligombana. Aliendelea kupika, aliendelea kuniita papa, lakini kwa namna ambayo wasusi humwita kila mteja 'mpendwa'. Ijumaa hakuyafunua tena makaratasi. Jioni moja nilifungua kabati nikakuta picha zote zimebanduliwa, vitanda, makochi, jiko lenye tanuri. Gundi tu imebaki kwenye mbao, madoa meupe ya pembe nne. Mimi ndiye niliyepiga vita makaratasi yale tangu mwanzo, na siku ile ningelipa nauli ya kwenda popote kuyarudisha yale machache mlangoni.

Langoni yaliendelea kuja. Ya manjano nayo yalikuja, mara moja kwa wiki, pengine zaidi. Nilikuwa nikiyachana vipande kabla ya kuyatupa, nikiliona neno Tanga likikatika katikati, na kila mara nilihisi mtu kaingia chumbani kwangu, kalala kitandani kwangu, kisha katoka na kuniandikia kwamba ana nafasi kwa wateja wapya. Nilikuwa nimebeba mambo mawili tu kutoka nyumbani, mji wangu na ndugu yangu. Yote mawili yalikuwa yakigawiwa bure kwenye robot, kama waitavyo huko taa za barabarani, zikiwa nyekundu, kupitia madirisha ya magari.

Niliondoka asubuhi ya kiangazi chao cha baridi, vumbi la mabaki ya migodi likiwa limeifanya hewa kuwa ya manjano. Sikuwa nimeaga karakana. Nilivaa viatu vya ngozi, na tofauti ilionekana: cha kushoto cheusi chenye kung'aa, kinanuka kafuri, cha kulia kimepauka. Mke wangu alisimama mlangoni na kitana mkononi. Hakutazama begi. Alitazama miguu yangu, akakitazama zaidi cha kushoto.

"Dawa yake mubaya," alisema. "Haikushika."

"Mama."

"Enda, papa. Mwenzako ameshangoja sana."

Nilingoja aseme lingine, na nadhani naye alingoja vivyo hivyo. Kisha akaingia ndani, nikasikia maji yakimiminwa kwenye birika. Yaliyosikika yalikuwa maji ya kikombe kimoja.

Langoni sanduku lilikuwa limejaa. Makaratasi yalitoka kwenye ule mdomo nilioubana mwenyewe, mengine yalikuwa yametungwa kwenye uzio, yanapepea. Ndani ya nyumba ile walikuwa wanabaki wanawake wawili na mbwa mwenye jicho moja. Niliweka begi chini. Nikafungua sanduku nikakomba kila kitu, nikapita uzio wote nikichomoa ncha kwa ncha, mpaka lango likaonekana la watu waliopo. Ajuza aligonga kioo cha dirisha lake akaniinulia kidole gumba. Alidhani naenda kazini.

Niliyasokomeza kwenye pipa la taka, nikapandisha mtaa. Kwenye kona nilipishana na yule mgawaji, mfuko begani umejaa. Hakunitambua. Nilipogeuka kumtazama alikuwa amefika kwetu, na kwa kuwa sanduku halikupokea zaidi ya moja, alirudi nyuma hatua chache akaanza kuyatunga kwenye uzio.